Likizo na Watoto Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mayaya wa Kampala

Shule zikifungwa, yaya aliyekuwa na mtoto nusu siku anabaki naye kuanzia alfajiri hadi usiku, na mara nyingi hakuna aliyemwambia afanye nini na saa hizo zote. Maswali yaliyo hapa huulizwa na mayaya wanaozungumza Kiswahili: Wakongo wa Katwe na Nsambya, Wakenya na Watanzania waliofuata kazi, na Waganda wanaofanya kazi katika nyumba zinazotumia Kiswahili. Machache huulizwa na wazazi. Yote yanahusu watoto wa mwaka mmoja hadi sita, isipokuwa pale palipotajwa umri mwingine.

## Mambo ya kwanza

Likizo ndefu ni ya lini?

Inategemea shule. Shule zinazofuata kalenda ya Wizara ya Elimu na Michezo zina mihula mitatu. Likizo ya Mei ni fupi, inayofuata huanza Agosti na kuingia Septemba, na ndefu kuliko zote huanza Desemba hadi karibu na Februari. Shule za kimataifa zina kalenda yake: nyingi hufunga mwishoni mwa Juni na kufungua mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kama nyumba yako ina watoto wawili katika shule za aina mbili, omba kalenda zote mbili mapema uzibandike jikoni, maana utakuwa na mtoto mmoja nyumbani wakati mwingine anaamka kwenda shule.

Angalia pia mvua. Mei bado kuna matope. Juni na Julai kunakauka kiasi, Agosti mvua zinaanza kurudi, na kuanzia mwishoni mwa Desemba jua ni kali na vumbi ni jingi. Panga matembezi ukijua hilo.

Mtoto anapaswa kucheza kwa muda gani kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 4 ahitaji angalau dakika 180 za kutumia mwili kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Akiwa na miaka 3 au 4, dakika 60 kati ya hizo ziwe za nguvu kweli: kukimbia, kuruka, kupanda. Asifungwe kwenye kiti au mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Usingizi wa mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ni saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 ni saa 10 hadi 13, ukihesabu na ule wa mchana.

Saa tatu za kucheza zinasikika nyingi, lakini mtoto anayetoka nje asubuhi na jioni huzifikisha bila wewe kuzipima. Asiyefikisha ni yule anayekaa sebuleni mbele ya televisheni tangu chai mpaka chakula cha mchana, na Kampala watoto wa namna hiyo ni wengi mno.

Nina mtoto mchanga wa miezi minane. Naye anahitaji shughuli?

Anahitaji sakafu safi na uso wako. Tandika mkeka, mlaze kifudifudi akiwa macho, jumla ya nusu saa au zaidi kwa siku, mara chache chache. Mpe kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, kitambaa. Mweleze unachofanya: "Sasa tunamenya matooke, ona ganda." Ataanza kukujibu kwa sauti zake, nawe mjibu. Kwa umri wake hilo ndilo somo lenyewe.

Nipange siku vipi?

Usipange kila dakika. Panga nguzo tano za siku zisizohama, na katikati uache nafasi: kuamka na chai, kutoka nje asubuhi, chakula na usingizi wa mchana, kutoka nje jioni, kuoga na hadithi. Mtoto mdogo hajui saa, anajua kinachofuata. Akijua kwamba baada ya uji mnatoka nje, atavaa kandambili mwenyewe.

Toka nje kabla ya saa nne asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa sita na saa saba si la kuchezea. Saa za joto ni za kulala, kuchora, kupanga vitu na kusikiliza hadithi.

Usingizi wa mchana uulinde. Kuna wazazi wanaosema asilale ili usiku alale mapema. Kwa mtoto wa miaka miwili hilo huleta kilio cha saa kumi na moja, chakula kinachokataliwa na usiku wa kuamkaamka. Mweleze mama kwa upole, umwombe mjaribu wiki moja. Anayefikisha miaka minne au mitano anaweza kuacha kulala, lakini abaki na saa ya utulivu kitandani na kitabu.

Hakuna vitu vya kuchezea, na sina pesa ya kununua. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Nimeona nyumba zenye kabati zima la midoli ya betri, na mtoto akashinda siku nzima na jerikani tupu.

Anza na mgomba. Majani yake makavu na nyuzi zake ndizo zilizotengeneza mipira na wanasesere wa watoto wa Uganda kwa vizazi. Kusanya magome makavu, yaloweshe kidogo yalainike, sokota, kunja uwe mpira, funga kwa kamba yake yenyewe. Mtoto wa miaka mitano anaweza kusokota, wa mitatu atakuletea majani. Kama hujui kuufunga, muulize mlinzi wa geti au mama anayeuza mboga, wengi walikua wakiuchezea.

Kisha vifuniko vya chupa za soda: vya kuhesabu, kupanga kwa rangi, kutengeneza magurudumu ya gari la boksi. Lakini ni kwa wenye zaidi ya miaka mitatu tu, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la kukabwa. Maboksi ya duka ni nyumba, basi na jiko. Beseni lenye maji ya vidole viwili na vikombe vitatu humshughulisha mtoto wa miaka miwili hadi nguo zote zilowe, na hilo ni sawa, nguo zitakauka. Hapo usiondoke hata kuchukua taulo: mtoto mdogo huweza kuzama katika maji machache sana. Mkimaliza, mwaga maji na ugeuze beseni.

Mwajiri akikuuliza anunue nini, mwambie kalamu za rangi, karatasi, mpira mmoja na kamba ya kuruka. Soko la Owino kuna midoli ya mitumba kwa bei nafuu. Ioshe kwa sabuni na uikague kama ina vipande vinavyochomoka.

## Kucheza na kazi za nyumba

Nina nguo za kufua, kupika na kudeki. Nitacheza naye saa ngapi?

Mwingize kwenye kazi. Mtoto wa miaka miwili hatofautishi kazi na mchezo, sisi ndio tunaomfundisha kwamba ni vitu viwili. Mpe soksi afue katika beseni lake. Atenganishe nguo nyeupe na za rangi. Achambue maharage na kutoa mawe, aoshe viazi, avunje karanga maganda, apange vijiko na vikombe, amwagilie sukuma wiki kwa kopo lenye matundu. Mkisuka mkeka au kikapu, mpe ukindu wake. Likizo ikianza mapema Desemba na nsenene (panzi wa kuliwa) bado ziko sokoni, kutoa mabawa na miguu ni kazi ambayo watoto wakubwa huing'ang'ania wenyewe.

Kazi itachukua muda mara mbili. Ndiyo maana ni muhimu mwajiri ajue (tazama swali kuhusu kazi zote za nyumba). Lakini hesabu pia muda ambao mtoto hatakuwa anakuvuta gauni akilia. Na jioni mama yake akiuliza "Leo umefanya nini?", atakuwa na jibu.

Visivyoguswa: sigiri iliyowashwa, pasi, kisu, sabuni ya magadi, dawa ya kuua wadudu.

Michezo gani inafaa watoto wa umri tofauti kwa pamoja?

Kwepena, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, inajulikana kila mtaa, ila mpira uwe laini na wadogo wapewe "roho" tatu badala ya moja. Sonko ya kuchora chini kwa mkaa au chaki: mkubwa anaruka kwa mguu mmoja, mdogo kwa miwili. Nyama nyama, ambayo mnaruka akitajwa mnyama anayeliwa, inafaa hata mtoto wa miaka mitatu, maana kuruka wakati umetajwa mnyama asiyeliwa ni kicheko cha wote. Kujificha ndani ya ua, geti likiwa limefungwa na mipaka imetajwa. Mweso, yaani bao, kwa wenye miaka sita na kuendelea, kwa mashimo mliyochimba chini na mbegu.

Mkubwa umpe cheo. Mwambie yeye ni mwalimu au nahodha, ana kazi ya kuwaonyesha wadogo. Atapunguza kuwasukuma.

Mvua imetufungia ndani siku nzima. Tufanye nini?

Pangeni viti viwe teksi (basi dogo la abiria): mmoja kondakta, mwingine dereva, wengine abiria wanaolipa kwa vifuniko, na kila mtu ataje anakoshukia. Mchezo huu hauchoshi. Hema la shuka chini ya meza. Ngoma za sufuria kwa dakika kumi, kisha "nani atakaa kimya mpaka nihesabu ishirini". Unga wa kuchezea: ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kidogo kidogo na tone la mafuta, kanda. Una chumvi nyingi, hivyo asiule.

Radi zikianza mkiwa nje, ingieni ndani ya nyumba au gari mara moja. Msijifiche chini ya mti.

Televisheni na simu, kiasi gani?

Mwongozo ule ule wa 2019: mtoto chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Chagua kipindi kabla ya kuwasha, kaa naye kidogo, kikiisha zima. Kama nyumba inataka Kiswahili, shirika la Ubongo la Dar es Salaam hutengeneza katuni za kufundisha watoto kwa Kiswahili, na zinapatikana bila malipo mtandaoni.

Simu yako usimpe. Kuna pesa zako humo na namba zako, na akiizoea hutaipata tena.

Shule imempa pakeji ya kazi za likizo. Ni kazi yangu?

Mzazi ndiye aamue, na aseme wazi. Ukikubali, chukua dakika ishirini asubuhi akiwa ameshiba, siyo jioni. Kwa mtoto wa shule ya awali ukurasa mmoja unatosha. Usimwandikie ili imalizike, mwalimu atajua, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba kazi yake hufanywa na mtu mwingine.

Nizungumze naye lugha gani, na nitapata wapi hadithi?

Zungumza lugha unayoimudu vizuri zaidi, isipokuwa wazazi wameomba vingine. Kiswahili kizuri ni zawadi kwa mtoto wa Uganda kuliko Kiingereza cha kuungaunga. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na anayekijua akiwa na miaka minne hatahangaika nacho baadaye shuleni.

Kwa vitabu, ingia tovuti ya African Storybook. Kuna hadithi za picha bila malipo kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi za Afrika, na unaweza kuzipakua nyumbani kwenye intaneti ya mwajiri ukazisoma bila bando. Kama kusoma ni kugumu kwako, angalieni picha na msimulie. Na hadithi za sungura na fisi ulizosimuliwa kwenu ni mali. Simulia ile ile siku saba mfululizo, mtoto hapendi mpya kama anavyopenda anayoijua.

## Kutoka nje ya geti

Twende wapi Kampala bila gharama kubwa?

Mara nyingi jirani anatosha. Tembeeni kwa miguu hadi sokoni na mpe kazi: "Tafuta kitu cha njano." Kubalianeni na yaya wa nyumba ya tatu mkutane Jumanne kwake, Alhamisi kwako, kwa ruhusa ya waajiri wote wawili. Watoto wanapata wenzao, nanyi mnapata mtu mzima wa kuzungumza naye. Upweke wa yaya ndani ya ukuta mrefu ni mzito, na watu hawausemi.

Mkipata nauli, jumba la makumbusho la Uganda lililoko barabara ya Kira ni safari nzuri ya nusu siku. Lilianzishwa mwaka 1908. Watoto wadogo watapita haraka kwenye makabati ya vioo, waache wapite. Wapeleke kwenye ala za muziki, kisha nje kwenye nyumba za asili zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali. Hekalu la Wabahai juu ya kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961, limezungukwa na bustani pana, na watu wa dini zote wanakaribishwa. Ni mahali pa kunong'ona, siyo pa mpira, hivyo nenda na mtoto mmoja au wawili, na uulize kwanza kama mnaruhusiwa kula.

Migahawa mingi ina bembea na mahali pa watoto. Bei yake ni juisi utakayolazimika kununua. Muulize mwajiri kabla ya kwenda, siyo baada ya kutoa pesa yako.

Na Entebbe?

Ni siku nzima, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala, na foleni ya kurudi jioni huwaangusha watoto usingizini. Kituo cha elimu ya wanyamapori, ambacho kila mtu hukiita zuu, kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima. Kuna sokwe, simba, twiga na vifaru. Fikeni asubuhi siku ya kazi, wikendi na sikukuu hujaa. Msijaribu kumaliza vyote. Chagueni wanyama wanne, mtoto awataje kabla ya kutoka nyumbani, na muwatazame kwa muda mrefu.

Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ni bora zaidi kwa watoto wa chini ya miaka mitatu: nyasi, kivuli, miti mikubwa na mbega juu. Sehemu zote mbili kuna tumbili wanaojua mfuko wa chakula unavyofanana. Usimwache mtoto ashike ndizi mkononi.

Mtoto anataka kuogelea ziwani. Nimruhusu?

Hapana, isipokuwa mzazi mwenyewe yupo na ameamua. Ziwa Victoria lina kichocho kwenye fukwe nyingi, kutokana na konokono wanaoishi kwenye maji ya kando yenye majani. Vijidudu hupenya ngozi mtu akiwa majini, na kujikausha kwa taulo si kinga ya kutegemea. Zaidi ya hapo, kina hubadilika ghafla. Chezeni kwenye mchanga mkavu, mbali na maji.

Bwawa lenye maji yaliyotiwa dawa ni jambo jingine, lakini hata pale mtoto awe umbali wa mkono wako, nawe uwe majini au ukingoni bila simu. Kama hujui kuogelea, sema. Ni sababu halali ya kukataa kwenda peke yako na watoto wawili.

Naweza kumbeba kwenye bodaboda?

Usimbebe. Pikipiki inaruhusiwa abiria mmoja, na helmeti ya mtu mzima haimfai mtoto. Ukiambiwa na mwajiri uende na boda, omba nauli ya teksi au gari la kuita kwa simu. Hii ni hoja ya kusimama nayo hata akikasirika.

## Chakula na afya

Nimpe vitafunio gani, na nifanye nini akikabwa?

Ndizi, papai, embe, ovakado, kiazi kitamu kilichochemshwa, uji, yai. Matunda yanashinda biskuti kwa bei na kwa tumbo. Aketi anapokula, asikimbie.

Karanga nzima, peremende ngumu, punje za bisi na zabibu nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano. Karanga isagwe, zabibu ikatwe kwa urefu. Sarafu na betri ndogo za saa ziwe mbali, na vifuniko pia kwa wasiozidi miaka mitatu.

Akikabwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele na umpige mara 5 kwa kitako cha kiganja kati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, funga ngumi juu ya kitovu na uvute ndani na juu mara 5, kisha rudia mgongo. Mtoto chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mapigo 5 mgongoni, kisha mgeuze na ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usichokonoe koo kwa kidole usipoona kitu. Piga kelele majirani waje. Omba mwajiri akulipie mafunzo ya huduma ya kwanza, maana haya hayajifunzwi kwa kusoma peke yake.

Ana joto mchana na wazazi wako kazini.

Piga simu mara moja, usisubiri jioni. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hapa Uganda, homa ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na matibabu yaanze ndani ya saa 24. Vituo vya afya vya serikali hupima kwa tone la damu. Mvue nguo nzito, mpe maji au maziwa. Kama anatetemeka mwili mzima, amelegea, hanywi, anatapika kila kitu au anapumua kwa shida, hiyo si ya kusubiri ruhusa: nenda, piga simu ukiwa njiani. Dawa ya homa mpe tu kwa kipimo alichoandika mzazi au mhudumu wa afya.

Anaharisha.

Pakiti moja ya ORS (unga wa kurudisha maji mwilini) kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja, anywe kidogo kidogo na baada ya kila choo. Vidonge vya zinki hutolewa kituo cha afya kwa siku 10 hadi 14, navyo vimalizwe hata kuhara kukikoma. Aendelee kula na kunyonya. Damu kwenye choo, macho yaliyozama au kulegea: hospitali.

Ameungua kwenye sigiri, au amekunywa mafuta ya taa.

Kwa moto, maji safi ya baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna yai, hakuna siagi. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya.

Kwa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe. Mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda.

## Wewe na mwajiri

Niombe nini kabla wazazi hawajatoka?

Namba tatu za simu za watu wanaopokea, zilizoandikwa ukutani. Jina la zahanati na daktari. Kadi ya chanjo na ya bima kama ipo. Muda wa maongezi. Pesa ya dharura katika bahasha, mkiihesabu pamoja, nawe uandike kila matumizi. Ruhusa ya maandishi, hata ujumbe wa simu, ya kumpeleka mtoto hospitali. Polisi ni 999 au 112, ziandike pia.

Mzazi anayekuachia watoto watatu siku nzima bila hata nauli ya kufika hospitali amekuachia hatari asiyokulipa kwayo. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie.

Likizo imeongeza saa zangu. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 za kazi kwa wiki kama kiwango cha kawaida, siku moja ya mapumziko baada ya siku sita mfululizo, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Likizo yako yenye malipo ni siku saba kwa kila miezi minne uliyofanya kazi. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi na hakijabadilishwa, kwa hiyo usitegemee sheria ikupangie mshahara: patana na uandikishe. Zungumza wiki mbili kabla shule hazijafungwa. Mkishindwana, kuna afisa wa kazi wa wilaya, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) anaweza kusaidia kuwakutanisha.

Wananitaka nifanye kazi zote za nyumba na niwaangalie watoto wanne.

Andika siku mbili za kawaida, saa kwa saa, na umwonyeshe mwajiri. Kisha muulize ni kazi ipi ipunguzwe: kufua kwa wiki mara mbili badala ya kila siku, au mtu wa kupiga pasi Jumamosi. Wengi hawajawahi kuiona siku yako ikiwa imeandikwa. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hawezi kuachwa peke yake ili sakafu ing'ae.

Kuna kamera ndani. Na mimi naweza kupiga picha za watoto?

Kamera sebuleni ni haki ya mwenye nyumba, ila ni vyema akuambie. Bafuni na chumbani kwako hapana. Picha za mtoto usizipandishe kwenye hali yako ya WhatsApp wala TikTok, hata akiwa mzuri kiasi gani. Watu watajua anakaa wapi na nani yuko naye. Mtumie mama peke yake.

## Hali zisizo za kawaida

Mtu amekuja getini akisema ametumwa kumchukua mtoto.

Geti libaki limefungwa. Piga simu kwa mzazi, usikubali simu anayokupa yeye. Kubalianeni na wazazi neno la siri ambalo yeyote aliyetumwa lazima alitaje, hata kama ni shangazi. Asiyelijua asubiri nje.

Binamu wamekuja kutoka kijijini, sasa ni watoto saba.

Waambie wazazi idadi hiyo inahitaji mtu mzima wa pili, na hadi apatikane hakuna kutoka nje ya geti. Gawanya wakubwa na wadogo wawili wawili, kila jozi ijue mwenzake yuko wapi. Wageni waonyeshwe choo, tangi na ngazi siku ya kwanza. Wanalilia kwao usiku wa pili au wa tatu, waache wapige simu nyumbani.

Nina mtoto mwenye ulemavu, michezo hii inamfaa?

Mingi inamfaa ukibadilisha njia. Asiyeona hupanga vifuniko na mbegu kwa kugusa. Asiyesikia hucheza nyama nyama kwa kuona mkono ukiinuka. Asiyetembea ndiye kondakta wa teksi ya viti. Muulize mzazi mazoezi aliyopewa hospitali na uyaingize kwenye kuoga na kuvaa. Usimfiche wageni wakija.

Nashuku mtoto anaumizwa na mtu wa humo humo ndani.

Andika ulichoona na tarehe. Usimhoji mtoto maswali mengi, msikilize na umwambie amefanya vizuri kusema. Mwambie mzazi asiyehusika. Kama hakuna wa kumwambia, piga 116, simu ya bure ya Sauti inayohudumia watoto nchini kote. Ni namba hiyo hiyo kama wewe mwenyewe, ukiwa chini ya miaka 18, ndiye unayeumizwa.

Niliajiriwa kwa likizo tu, na shule zinafunguliwa wiki ijayo.

Muulize mwajiri sasa, siyo siku ya mwisho, kama kazi inaendelea. Kama mlipatana likizo tu, mshahara na saa za ziada zilipwe kabla hujafunga begi. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita na chini ya mwaka ana haki ya notisi ya wiki mbili, na wa mwaka mmoja hadi mitano mwezi mmoja. Omba barua inayotaja tarehe ulizofanya kazi na umri wa watoto uliowalea. Na mwambie mtoto kwamba unaondoka, mara mbili au tatu kabla ya siku yenyewe, kwa maneno mafupi. Usitoroke akiwa amelala.